Koti la Mtani

Temeke, kwa Gaspar
6 Agosti 1952

Kwa mtumwa wangu Kondo Mwinshehe, mwizi mkubwa wa Mbweni,

Sikusalimu. Mtumwa hasalimiwi, anaitwa tu akaitika.

Tumefika bandarini Jumatatu jioni, na usukani uliotutengenezea haujang'oka bado. Njia nzima nilikaa nimeukodolea macho nikingoja uzame, lakini wapi. Bwana Halidei anasema kazi yako ni safi, na Bibi anasema hajaona fundi kama wewe tangu watoke Mombasa. Sikuwaambia kwamba wewe ni Mzaramo na kwamba umebahatisha. Siku kumi na mbili tulizokaa hapo kwenu umekula wali wangu wote wa jikoni, sasa chombo kimepungua uzito na kinakwenda vizuri. Hao Wazungu wangu wanalala humo humo chomboni, nami usiku navuka kuja hapa Temeke kwa binamu yangu Gaspar, anayepakua mizigo gatini.

Haya, koti. Asubuhi ile Wazungu walipokwenda Kunduchi kutazama magofu, umenikamata mbele ya watu wa Mbweni, umenivua koti langu mgongoni, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kama unachuna mbuzi. Ukalivaa wewe. Ukatangaza kwamba hulitoi mpaka mtani wako alikomboe kwa jogoo mwekundu. Watu walicheka, nami nilicheka. Sasa basi. Nalitaka koti kabla ya Jumapili. Marijani analeta samaki Kariakoo kila siku kwa lori, mpe yeye. Jogoo utapata, sitakudhulumu, ila koti litangulie. Bwana anasema tutaondoka kwenda Durban mwisho wa mwezi, na huko nasikia kuna baridi.

Nisalimie mke wangu Hamisa. Mwambie avumilie kukaa na mtumwa, nitakuja kumchukua.

Ni mimi bwana wako,
Fransis Mihayo


Mbweni
9 Agosti 1952

Kwa mpagazi Fransis,

Barua yako imefika ikinuka samaki, nikadhani ni jasho lako.

Umesema nimeliiba koti. Ndiyo, nimeliiba, na nitaiba tena. Ukileta kichwa chako hapa nitakiiba pia, ingawa sijui nitakitumia kwa kazi gani. Babu zako walipita hapa na meno ya ndovu mabegani, babu zangu wamekaa kivulini wanakunywa madafu na kuwahesabu. Tangu lini mpagazi akavaa koti la namna ile? Lina vifungo vya pembe na bitana ya hariri. Jana Ijumaa nimekwenda nalo msikitini, mpaka imamu amelishika kitambaa. Kila anayeuliza namwambia ni la mtani wangu Mnyamwezi, nimemnyang'anya mchana kweupe, na akitaka alifuate.

Koti haliji kwa lori. Desturi unaijua. Njoo mwenyewe na jogoo mkononi, upige magoti mlangoni, Hamisa akucheke, tule wote, ndipo uondoke nalo. Ukituma jogoo kwa Marijani nitamla na koti nitabaki nalo.

Usukani usiutie shaka. Ni mvule, niliuchagua mwenyewe Keko kwa fundi wangu. Utafika Durban na kurudi, na wewe utakuwa umeshaliwa na samaki.

Mwizi wako,
Kondo Mwinshehe


Mbweni
15 Agosti 1952

Kwa Bwana Fransis Mihayo,

Salamu. Mimi ni Hamisa binti Sadallah, mke wa Kondo. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu na hakuna mtu mwingine aliyeiona.

Jana saa tatu asubuhi wamekuja askari wawili kutoka mjini. Kondo alikuwa pwani anapigilia mashua, amevaa lile koti katika jua lote lile, kwa maringo. Wakamwuliza koti la nani. Akawajibu, "La mtani wangu. Nimemwibia." Alisema akicheka, na sisi tuliokuwapo tulicheka. Wale askari ni watu wa bara ya mbali, hawakucheka. Mmoja akatoa karatasi akamwuliza kama mwandiko ni wake. Akasema ni wake. Ilikuwa ile barua aliyokuletea wewe, yenye maneno ya "nimeliiba na nitaiba tena." Wakamvua koti, wakamfunga pingu, wakamchukua. Alikuwa bado anawaeleza habari za jogoo.

Nataka unijibu mambo mawili. Askari wanasema koti ni la Bwana Halidei. Wewe ulitwambia, umekaa kwenye mkeka wangu unakula chakula changu, kwamba ulilinunua Tanga kwa Mhindi. Lipi la kweli? La pili, barua ya mume wangu ilikuwa kwako. Imefikaje kwa askari?

Kesi ni Jumatatu tarehe 25, kortini mjini. Mimi siwezi kuwaambia utani ni nini. Wala Kondo hawezi, kwa kuwa mshitakiwa akisema nilikuwa natania, nani atamsadiki? Wa kulisema neno hilo ni mtani mwenyewe aliyevuliwa. Sikuombi kitu kingine. Simama, useme koti lilikuwa mwilini mwako na alilichukua kwa utani. Basi, mume wangu arudi kazini.

Nakungoja.
Hamisa binti Sadallah


Temeke
19 Agosti 1952

Mpendwa dada Hamisa,

Nimepokea barua yako kwa mkono wa Marijani na imenihuzunisha sana. Kondo ni ndugu yangu. Usidhani nimekaa tu.

Habari ya koti ni ndefu na haifai kuandikwa. Ni kweli kwamba lilipata kuwa la Bwana, lakini mtu akikaa na Wazungu kwa muda mrefu vitu vinachanganyika. Na barua, Bwana aliiona katika mfuko wangu alipokuwa anatafuta kiberiti. Bibi anajua Kiswahili kidogo, akaisoma. Mimi ningefanya nini?

Nimemwambia Bwana kwamba Kondo si mtu mbaya. Nimejaribu kumweleza utani, lakini kwa Kiingereza sikupata neno lake. Nilisema ni mchezo, akaniuliza ni mchezo gani huo ambao mmoja anabaki na koti. Ukimwambia ni ugomvi usio ugomvi anakutazama kama umelewa. Kwa hiyo nashauri hivi. Kondo akubali kosa, aombe msamaha kwa adabu. Hakimu akiona mtu mnyenyekevu, na koti limepatikana, atamwacha kwa onyo. Watu wengi wameachwa hivyo.

Jambo jingine. Ile barua yangu ya tarehe 6 naomba uichome. Ina matusi mengi, nayo ikionekana itamharibia Kondo.

Mimi nitakuwapo Jumatatu. Mungu atasaidia.

Ndugu yako,
Fransis Mihayo


Mbweni
27 Agosti 1952

Fransis,

Sikukusalimu na sitakusalimu.

Ulisema utakuwapo, na kweli ulikuwapo. Ulikuja nyuma ya Bwana wako umevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ukapita mbele yangu kama unapita njia tu hunijui. Kumbe umekuja kuwa shahidi wao.

Niliona yote na nitakuandikia yote, usije ukawasimulia watu vingine. Uliulizwa kama unamfahamu mshitakiwa. Ukasema ndiyo. Ukaulizwa koti ni la nani. Ukasema la Bwana. Ukaulizwa kama uliwahi kulivaa. Ukasema, "Sijawahi." Mimi nikasimama, askari akanisukuma chini. Kisha karani akakuuliza, alilichukua au aliliiba? Nawe ukasema, "Aliiba. Hawa Wazaramo ndivyo walivyo."

Kondo akacheka.

Ulimsikia? Alicheka kwa sauti yake yote. Akakujibu palepale kizimbani, "Na wewe mpagazi nitakuiba leo leo." Maana maneno yako yalikuwa maneno yale yale ya kila siku, yale uliyomwambia siku kumi na mbili mkila pamoja. Alijua umeanza. Alikaa anakutazama, meno nje, anangoja umalize, umgeukie hakimu useme, sasa Bwana, huu ndio utani wetu. Wewe ukakaa chini. Yeye bado anangoja. Karani akamfasiria hakimu kila neno, kuiba leo leo na kicheko pia. Miezi mitatu kwa koti, na mwezi mmoja kwa kuidharau korti. Kondo akaniuliza kwa mbali, kwa midomo, wanasema nini? Ni mimi nilimwonyesha vidole vinne.

Barua yako sikuichoma. Nilimpelekea karani ile ile ya tarehe 6, nikamwambia soma, hapa mwenyewe ameandika "koti langu" na "umenivua mgongoni." Akasoma mstari wa kwanza, kwa mtumwa wangu mwizi mkubwa wa Mbweni. Akasema inatosha, huyu naye amethibitisha. Hakuendelea. Sasa najua kwa nini ulitaka ichomwe. Haikuwa kwa ajili ya Kondo.

Na kiberiti pia nimekijua. Nje ya korti nilimfuata Bibi Halidei. Hakunifukuza. Nikamwuliza barua mliipata wapi, akanijibu kwa Kiswahili chake kile, "Mpishi nalete yeye mwenyewe. Nasema, memsabu, mwizi iko hapa, barua iko hapa." Alisema kwa upole, anaonea huruma mke wa mwizi. Akanipa na leso nifute macho. Nimeitupa.

Mtu akikuibia unajua umeibiwa. Wewe ulimchukua mtu anayekucheka na kukuamini, ukamfunga kwa kicheko chake. Nina hasira mpaka chakula hakipiti. Nikikuona Kariakoo nitakupigia kelele ya mwizi, na siku hiyo haitakuwa utani.

Hamisa binti Sadallah


Temeke
8 Septemba 1952

Dada Hamisa,

Umenitukana na sikatai. Lakini na mimi nina hasira zangu, nitazisema.

Koti lilikuwa la Bwana. Nililivaa asubuhi ile kwa sababu walikuwa wamekwenda Kunduchi, na nilitaka watu wa Mbweni wanione mara moja nami nimevaa kitu. Siku zote kumi na mbili nilikuwa mtu wa masufuria. Kondo aliponivua nilitaka kumwambia palepale kwamba si langu, lakini watu wote wale walikuwapo, na wewe ulikuwapo. Ndiyo maana nikaandika alilete kwa lori. Kwa nini hakuleta? Angelileta, hakuna ambalo lingetokea. Alitaka nipige magoti. Nyie mnaona rahisi kwa sababu mko kwenu.

Bwana alilitafuta koti tarehe 12, walikuwa wamealikwa chakula. Akasimama mlango wa jiko, hakunipigia kelele, aliniuliza tu kama nataka kuendelea na safari au nishuke hapa na polisi. Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaitoa. Sikufikiri, Hamisa, nakuapia, mkono ulikwenda wenyewe.

Na kortini nilitaka kusema. Hilo unaweza kukataa lakini ni kweli. Nilikuwa nimelipanga usiku wote. Kisha Kondo akacheka, nikajua anadhani natania, na nikaona aibu kuliko nilivyopata kuona maishani. Nikakaa.

Chombo kimeondoka Jumanne ile, kesho yake baada ya kesi. Mimi wameniacha. Bwana alisema mpishi anayeandikiana barua na wezi hamfai safarini. Hakuniandikia hata karatasi ya kazi. Nabeba saruji gatini na Gaspar, mgongo umechunika.

Ukitaka, twende bomani wote wawili kwa Bwana DC, nikaseme ukweli. Nitasema mbele yako.

Fransis Mihayo


Mbweni
11 Septemba 1952

Fransis,

Bomani huhitaji kushikwa mkono. Kortini hukwenda na mimi. Wazungu wako wamekwishaondoka na kazi huna tena, kwa hiyo hakuna wa kukutisha. Nenda kesho, ukaseme. Ukishasema niandikie wamekujibu nini. Mume wangu anavunja mawe, na kila siku unayoichelewesha anaivunja yeye.

Hamisa


Temeke
24 Desemba 1952

Kwa mtumwa wangu Kondo, mfungwa mkubwa,

Marijani kaniambia leo unafunguliwa. Nikasema kumbe, hata jela imekushindwa, wamechoka kukulisha. Nasikia mlikuwa mnapewa dona na maharage, chakula cha heshima kuliko vile vichwa vya papa mnavyokula Mbweni. Bila shaka umenenepa.

Mimi sasa ni mpagazi kweli, kama babu zangu. Ukija Temeke utaniona nimepinda. Njoo unicheke, ni haki yako. Mambo yaliyopita ni ya Wazungu na yamekwenda na Wazungu. Sie watani hatuna kesi.

Mwambie Hamisa namsalimu. Nitakuja mwaka mpya, na mkinifungia mlango nitalala nje mpaka mfungue.

Bwana wako,
Fransis


Mbweni
28 Desemba 1952

Kwa Bwana Fransis Mihayo,

Baada ya salamu, natumaini u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima. Nimefika nyumbani Jumatano magharibi, na barua yako nimeipokea jana.

Nakuomba tangu leo usiniite mtumwa wako, wala mfungwa, wala mwizi. Niandikie Bwana Kondo, au usiniandikie. Majina hayo sasa ninayo kwa hakika, yameandikwa katika kitabu cha serikali kwa wino. Siku ya kwanza gerezani askari aliniita mwizi, nami nikacheka, kwa mazoea tu. Nilipigwa mpaka nikajifunza. Sasa nikiitwa hivyo sicheki, na sitaki mtu anikumbushe kwamba nilikuwa nacheka.

Hamisa amenisomea barua zote. Ya kwako ya Septemba ameisoma mara mbili kwa sababu niliomba. Umeuliza kwa nini sikulileta koti. Ungeniandikia neno moja, kwamba ni la Bwana, ningekuja nalo kwa miguu mpaka mjini usiku ule ule. Hukuandika. Uliona afadhali mimi nifungwe kuliko nijue kwamba koti si lako. Hilo ndilo silimezi. Umaskini wako nilikuwa naujua, Bwana Fransis, nilikuwa nakutania kwa huo kila siku, na wewe kwa wangu.

Tena kortini hukuniudhi mara moja, uliniudhi mara mbili. Uliposema "hawa Wazaramo ndivyo walivyo," mie niliona fahari. Nikasema moyoni, tazama mtani wangu, hana hofu, anatania mbele ya hakimu. Nilikuwa na fahari nawe mpaka Hamisa aliponyoosha vidole. Mimi ni mtu mzima, na fahari ile nikiikumbuka nataka kuvunja kitu.

Bomani hukwenda. Hukutaja hata kama ulijaribu. Umengoja siku zangu ziishe, kisha ukaleta mzaha.

Juzi nimekwenda Keko kuomba mbao. Fundi wangu aliyenifunza kazi, nimekaa kwake miaka sita, alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Nilipogeuka nilimwona anaihamisha randa yake kutoka benchi, anaitia sandukuni, polepole ili nisisikie. Sikumlaumu. Nimekunywa chai yote nikarudi bila mbao.

Mwaka mpya usije. Mlango hautafungwa, kwa sababu nyumba hii haimfungii mgeni mlango, lakini utakaribishwa kama mgeni. Utapewa kiti, hutakaa mkekani. Hamisa atakuamkia kwa adabu, utaulizwa habari za safari, utapewa maji, na hakuna atakayekutukana. Nadhani hutaweza kukaa hata nusu saa.

Wanyamwezi wengine wapo Temeke, watu wema, nao ni watani wangu kama kawaida. Ugomvi wangu si na kabila lako. Siku nikifa waje wao. Wao ndio watakaolilalia kaburi, wazuie nisizikwe mpaka walipwe, wanitukane, wamchekeshe Hamisa katikati ya kilio. Wewe siku hiyo ukisikia habari, kaa nyuma na watu wa mbali. Toa pole kama wanavyotoa wao, kisha uende zako.

Wako kwa heshima,
Kondo Mwinshehe